Nilimtupa Dereva Wangu Pamoja na Kabari Yake

Mimi ndiye mwenye kosa. Naanza na hilo kwa sababu najijua. Nikianza na fundi nitajisahau, nitamlaani ukurasa mzima, na ninyi mtanionea huruma nisiyostahili.

Jina langu sitaliandika. Ya wengine nimeyabadilisha. Jueni tu kwamba mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mzaliwa wa Kilolo, na ninaishi Uyole. Nanunua viazi mashambani kwa wakulima, navishusha sokoni Mwanjelwa. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo mkikuta nimekosea kuandika mnivumilie.

Nina tabia moja niliyoirithi kwa marehemu baba: naandika daftari. Kila siku mistari mitatu, minne. Mvua imenyesha, nani kaja, nani kaniudhi. Daftari hilo ndilo linanifanya niandike haya kwa haki, maana kila nikitaka kujipendelea, nalifungua, linanikatalia.

Basi. Nina kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo mnachokiona kimejazwa kabichi hadi juu. Dereva wake alikuwa Baba Lusajo, Mnyakyusa wa Tukuyu, mtu mzima aliyenizidi miaka kama kumi na tano. Aliniendeshea miaka sita. Miaka sita, jamani, hajawahi kunigongea hata kuku! Akifurahi aliniita "bosi" kwa utani. Jambo likiwa zito aliniita "mwanangu".

Kirikuu chetu kilikuwa na magonjwa mawili. La kwanza selfu: asubuhi za baridi ilikuwa inagoma kuwasha gari, kwa hiyo likishawaka hatukulizima mpaka mzigo uishe kupakiwa. Hilo lilikuwa agizo langu mimi. La pili handbreki. Ukiivuta inapanda juu kabisa kama mkono wa mwanafunzi anayejua jibu, halafu gari linaondoka taratibu kana kwamba hujaligusa.

Dawa ya Baba Lusajo ilikuwa kabari. Aliichonga mwenyewe kwa panga, gogo la mti wa mlingoti lenye ncha upande mmoja, akalitoboa na kulifunga kamba ya katani. Tukifika kwenye mteremko anateremka, anaisukuma nyuma ya tairi, anasema, "Konda, shuka!" Tukiondoka anaivuta kwa kamba: "Konda, panda, twende!"

Wakulima walikuwa wanacheka. Hata mimi nilicheka, mwanzoni.

Halafu nikaanza kuona aibu. Siku moja pale Mwanjelwa mwanamke mwenzangu muuza viazi akaniambia mbele ya wateja, "Mama, gari lako linatembea na kuni? Au mkifika mnapikia?" Watu wakaangua kicheko. Sikulala vizuri. Nimeangalia kwenye daftari, niliandika: "Leo nimechekwa kwa ajili ya gogo." Kitu kidogo hivyo!

Kesho yake nikamwambia Baba Lusajo twende kwa fundi Chesco.

Chesco ni mtu wa kwetu, Mhehe. Gereji yake iko nyuma ya soko. Mtu akiishi mbali na kwao anajua ninachosema: siku unapita mjini, kila mtu anakuongelesha lugha ya wengine, mara unasikia, "Kamwene, mnyalukolo!" Moyo unafunguka wenyewe. Kamwene ndiyo salamu yetu, na mnyalukolo ni ndugu wa nyumbani. Tangu aliponiita hivyo mara ya kwanza, sikuwahi kupeleka gari langu kwa mwingine.

Siku hiyo akalipiga jeki, akachungulia, akaniambia kwa Kiswahili, Baba Lusajo akisikia, "Shuu zimekwisha. Tubadilishe."

Kwa wasiojua, breki shuu ni yale mapande mawili yenye umbo la mwezi mchanga yanayokaa ndani ya drami la tairi la nyuma. Ukivuta handbreki, waya unayatanua, yanabana, gari linatulia. Yakiisha, uvute mpaka kesho.

Halafu akageuza lugha. Akaniambia kwa Kihehe, taratibu, akifuta mikono, kwamba dereva wangu ndiye anayeua handbreki. Anaivuta kwa nguvu kama anang'oa muhogo. Mtu mzima yule, hajui magari ya siku hizi.

Baba Lusajo alikuwa amesimama palepale. Akauliza, "Mnanizunguka na Kihehe chenu. Kasema nini?"

"Mambo ya nyumbani tu," nikamjibu.

Naandika hili kwa aibu: nilipenda. Nilipenda kuwa na lugha ambayo mwenzangu haijui. Nilijiona nimelindwa.

Nikamwambia Chesco gari litoke leo leo, kesho kuna mzigo. Nikaenda sokoni, nikarudi jioni kabla jua halijazama. Tukalijaribu likiwa tupu kwenye kimteremko cha gereji. Handbreki ikapanda vidole viwili tu, gari likasimama kama limepigwa msumari. Nikapiga makofi!

Sasa sikilizeni ujanja wangu. Baba alinifundisha kwamba fundi akikubadilishia kifaa, mwambie akupe cha zamani ukione kwa macho yako. Nikasema, "Za zamani ziko wapi?" Chesco akaingia ndani, akatoka na breki shuu mbili nyeusi, zimelika mpaka chuma. Nikazitia kwenye mfuko, nikaziweka chini ya kiti. Moyoni nikasema, mimi siibiwi kirahisi.

Baba Lusajo alikuwa tayari anaipakia kabari yake nyuma. Nikamwambia, "Hiyo acha."

"Bosi, huyu si mzito, anakaa tu pembeni."

"Mtu aliyepona hatembei na gongo, Baba Lusajo. Sitaki kuchekwa tena."

Akaishika ile kamba ya katani. Hakugomba. Akasema, "Mwanangu, handbreki inaahidi. Konda anashika."

Nikaichukua mikononi mwake, nikaitupa kwenye uwanja wa Chesco, kwenye takataka za vyuma. Chesco aliniona nikiitupa. Kumbukeni hilo. Aliniona, akacheka, akasema, "Sasa umepona, mnyalukolo!"

Zikapita siku tisa, tukipakia mashamba ya tambarare.

Siku ya kumi tulikuwa tunapakia viazi kwenye kijiji kimoja juu ya Uyole, kule kwenye ukungu, miteremko mitupu. Gari limewashwa, gia imetolewa, handbreki juu. Lilikuwa limeshajaa magunia nusu. Mimi na Baba Lusajo tulikuwa shambani tukilishika gunia moja huku na huku, tukasikia watu wanapiga kelele: "Gari! Gari!"

Kirikuu kilikuwa kinarudi nyuma peke yake. Hakikukimbia, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, kilikuwa kinatembea kama mtu anayekwenda dukani. Baba Lusajo alikimbia na umri wake wote, akashika mlango, akaburuzwa, akaachia. Gari likapita katikati ya kina mama wanaochambua viazi, Mungu akawanyanyua sijui vipi, likaingia kwenye jiko la nje la bibi mmoja Msafwa, mwenye shamba la jirani.

Ukuta wa tope ukamwangukia. Alikuwa ndani anapika chai yetu sisi.

Hakufa. Namshukuru Mungu kila siku, hakufa. Lakini mguu ulivunjika chini ya goti, na bibi wa umri ule mguu hauungi kama wa mtoto.

Baada ya bibi kupelekwa hospitali, familia yake ikakubali jambo liishie kijijini. Mwenyekiti wa kitongoji akaita kikao. Tulikaa kwenye mabenchi chini ya bati la ofisi, watu wamejaa mpaka njiani. Baba Lusajo alisimama katikati, viwiko vyote viwili vimechunika.

"Ulivuta handbreki?" mwenyekiti akauliza.

"Nilivuta."

"Uliweka gogo? Jiwe? Chochote?"

"Sikuweka."

"Dereva mzima kama wewe! Mteremko huu hata mkokoteni unawekewa jiwe. Kwa nini?"

Baba Lusajo akageuka, akaniangalia.

Ndugu msomaji, kama kuna saa ya maisha yangu ningeomba nirudishiwe, ni hiyo. Nilikuwa na neno moja tu la kusema: "Mimi ndiye niliyeitupa kabari." Maneno manne. Nilikuwa nayo mdomoni. Niliona sura za wale watu, nikaona bibi amelala hospitali, nikaona jina langu linatajwa kila shamba ninaponunua viazi. Nikayameza.

Nikafanya zaidi ya kuyameza! Mwenyekiti aliponiuliza kama handbreki ilikuwa nzima, nikasimama, nikafungua ule mfuko wa chini ya kiti, nikainua zile breki shuu za zamani juu, mbele ya watu wote.

"Hizi ndizo zilizotolewa. Mpya zimefungwa juzi tu."

Halafu nikampigia Chesco, nikaweka sauti kubwa wasikie wote. Mwenyekiti akamuuliza. Chesco akajibu bila kukohoa: "Handbreki nimeifunga mwenyewe, mpya kabisa. Kama gari limetembea, dereva hakuivuta."

Watu wakaguna. Mmoja akasema, "Huyu mzee alisahau, sasa anatafuta pa kujificha." Mwingine akatania, "Gari lilisikia harufu ya chai!" Wakacheka, na Baba Lusajo amesimama katikati ya kicheko hicho.

Kweli naapa, wakati ule niliamini. Niliamini hakuivuta vizuri. Nilikuwa na shuu mkononi, nilikuwa na sauti ya mtu wa kwetu kwenye simu, na nilikuwa na yale maneno ya Kihehe kichwani. Nikajiambia, hata kama nilitupa kabari, handbreki nzima ingeshika, kwa hiyo kosa ni lake. Mnaona jinsi mtu anavyojipatia hesabu inayomtosha?

Lakini kama niliamini hivyo, mbona sikutaja kabari? Hilo swali nimejiuliza mara nyingi. Jibu ninalo, silipendi.

Kesho yake nikamwachisha kazi. Hakuniomba. Alinikabidhi ufunguo na kitambaa cha kufutia kioo, amekifua. Akasema, "Ndaga, mama." Asante, mama. Hakuniita bosi, wala mwanangu.

Habari zikamtangulia kila kituo. Uyole hakuna aliyempa gari tena.

Mimi nikaendelea na maisha; kirikuu nikakiegesha, mzigo nikakodi gari la mtu. Bibi tukamjengea jiko jipya, nikampelekea vyakula hospitali. Watu wakanisifu kwa moyo mzuri! Nilisifiwa, jamani, na niliitikia.

Miezi minne ikapita. Mama yangu mdogo akaugua kule Kilolo, nikamchukua dereva wa muda anipeleke nyumbani na mbegu za viazi kidogo. Tulipokaribia Iringa dereva yule akaniambia, "Mama, handbreki yako haishiki. Na huko unakokwenda ni milima."

Nikamwambia, "Ni mpya hiyo. Labda unaivuta vibaya."

Masikio yangu yakasikia mdomo wangu. Lakini sikusimama kuyafikiria.

Tukaingia gereji moja pale Iringa mjini. Fundi ni mzee wa Kiislamu, nitamwita Mzee Shabani, wazee wake walitoka pwani zamani. Ana kofia yenye mafuta ya gari, na ni mpole wa maneno. Akafungua tairi la nyuma, akagonga drami likatoka. Akachungulia ndani.

"Mama, handbreki hii ilitengenezwa lini?"

"Mwezi wa tano."

"Walitengeneza nini?"

"Walibadilisha breki shuu."

Akaniita nije nione. Mle ndani kulikuwa na shuu nyembamba kama ganda, zimeloa oili, nyeusi, kutu imezikamata. "Hizi hazijaguswa miaka," akasema. "Kilichoguswa ni waya tu. Umekazwa mpaka nati imefika mwisho. Likiwa tupu litasimama siku mbili tatu. Ukipakia, linakwenda."

Nikacheka! Nilimcheka yule mzee. Nikamwambia yeye amekosea, mimi si mtu wa kudanganywa, za zamani ninazo. Nikaenda chini ya kiti nikautoa mfuko wangu.

Akachukua moja, akaiweka juu ya lile drami la kirikuu. Ilipita pande zote mbili, kama kofia ya baba kwenye kichwa cha mtoto.

Akaweka spana chini, akanawa. "Acha nikaswali adhuhuri kwanza," akasema, "maana nikisema sasa hivi nitasema vibaya." Akaniacha nimekaa kwenye tairi bovu, shuu ya gari la mtu nisiyemjua iko mapajani.

Aliporudi akaniambia taratibu, "Hizi ni za gari kubwa, mama. Basi dogo, pengine. Kwenye gereji yoyote zimejaa kwenye takataka. Aliyekupa alijua huwezi kuzijua."

Zile zile. Zile nilizoziinua juu mbele ya kijiji kizima.

Sikulia pale. Nililia njiani kwenda Kilolo, kwa sauti, yule dereva wa muda akadhani mama mdogo ameshafariki, akanipa pole za msiba.

Niliporudi Mbeya nilikwenda moja kwa moja gereji kwa Chesco. Alikuwa anakunywa uji. Akainuka kwa furaha, "Kamwene, mnyalukolo! Umepotea!"

Nikamjibu kwa Kiswahili. "Habari za leo, fundi."

Akaacha kutabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tujuane nisimjibu kwa lugha ya nyumbani. Nikaweka zile shuu mbili juu ya meza yake. Aliziangalia, hakuuliza ni za nini.

"Siku ile spea hazikupatikana dukani," akasema. "Wewe ulisema gari litoke leo leo. Nikakaza waya, nikasema Jumatatu nitazipata nikuite."

"Hukuniita."

"Nilisahau."

"Na hizi ulinipa za nini?"

"Ulisimama hapo unazidai, mama. Ningekuambia nini?"

Nataka kuwa wa haki. Nimefungua daftari, siku ile niliandika kwa mkono wangu: "Nimemwambia Ch. gari litoke leo, kesho mzigo." Kwa hiyo hapo hakusema uongo. Nilimsukuma. Huenda kweli alitaka kuniita Jumatatu. Sijui. Mtu anaweza kuanza na uongo mdogo wa siku mbili, ukamkulia mkononi.

Lakini nikamuuliza, "Na kwenye simu? Mwenyekiti alipokuuliza, mtu amesimama anahukumiwa, ulikuwa umesahau pia?"

Akakwangua kikombe chake kwa kijiko. "Ulikuwa umeshawaambia kwamba ni mpya. Ningekuaibisha mbele za watu, ndugu yangu?"

Ee Mungu! Ndugu yangu! Alilitumia neno hilo kama tambara la kufutia oili.

Nikageuka niondoke, nisije nikamrushia kitu. Ndipo nikaiona. Kulikuwa na gari limenyanyuliwa kwa jeki upande mmoja, fundi mwenzake amelala chini yake, miguu tu inaonekana. Nyuma ya tairi lililobaki chini kulikuwa na kabari ya mlingoti, yenye kamba ya katani.

Konda.

"Hiyo umeitoa wapi?" nikauliza, huku najua aliitoa wapi.

"Si ile uliyoitupa? Nzuri sana hiyo, haitelezi. Kila siku tunaitumia."

"Kwa nini? Gari hilo halina handbreki?"

Akanishangaa kabisa, mshangao wa kweli. "Mama, nani alale chini ya gari kwa kuamini handbreki?"

Hapo nikakaa chini. Siku ile aliniona nikiitupa, alijua ndani ya drami kuna nini, na alijua kabari ni ya nini, maana uhai wake mwenyewe ameuegemeza kwayo. Akacheka, akaniambia nimepona. Kilichoniumiza si waya. Niliumia kwa kile kicheko.

Nilianza kumtukana. Namshukuru aliyenikatiza, na aliyenikatiza ni yeye mwenyewe. Akasema, "Sawa, mimi nilikaza waya. Nimekosa. Lakini kabari nilikutupia mimi? Na pale kikaoni, mdomo wako niliushika mimi?"

Nikainuka. Swali hilo ninalo mpaka leo.

Nikamwambia yule wa chini ya gari atoke, nikasubiri gari lishushwe, nikaichukua kabari.

Kwanza nilirudi kijijini kwa mwenyekiti. Nilimwomba aite watu walewale. Nikasema yote: selfu, kabari, kicheko cha Mwanjelwa, shuu za uongo, na kwamba nilipoulizwa nilinyamaza. Hakuna aliyenipiga mawe. Waliniangalia tu, nikatamani mawe. Bibi alikuja na fimbo yake, anachechemea. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe miezi yote hii nimemlaani mtu asiye na kosa. Ngoja kwanza niitoe laana hiyo kwake. Nikimaliza nitafikiria niipeleke wapi." Viazi vyake haniuzii tena, na sijamwomba.

Halafu nikaenda Tukuyu.

Nilimkuta Baba Lusajo anafunga mikungu ya ndizi kwenye baiskeli. Mkewe alikuwa kibarazani anamenya ndizi. Akauliza bila kuninyanyulia macho, "Ndiye huyu?"

"Ndiye," mumewe akajibu.

"Basi akuulize siku hizi unaitwaje." Akanigeukia. "Huku wanamwita Mzee Jikoni. Hata watoto. Mwanaume aliyeendesha lori mpaka mpakani miaka na miaka, Mzee Jikoni!"

Nikapiga goti palepale, kabari kifuani. Nikasema nilichokuja kusema. Nilikuwa nimekiandika kwenye daftari nisisahau, lakini sikukisoma.

Baba Lusajo akasema, "Inuka, udongo umelowa."

Akaipokea kabari, akaigeuza, akapapasa ile ncha. "Wamemlisha oili," akasema. "Maskini, Konda."

Nikamuuliza swali lililokuwa linanichoma: kwa nini siku ile hakusema? Angesema tu kwamba mama ndiye aliyeitupa.

"Ningesema mimi, ingekuwa dereva anajitetea. Ungesema wewe, ingekuwa kweli." Akaifunga ile kamba upya, taratibu. "Nilikuwa nakungoja. Nilikungoja mpaka mwenyekiti alipofunga daftari lake."

Nikamwomba arudi. Nikamwambia kijiji kizima sasa kinajua, jina lake nimelisafisha, gari lina shuu mpya nilizosimama nikaona zikifungwa kwa macho yangu. Nikasema arudi kwa masharti yake.

Alifikiri kweli. Sikuona hasira usoni kwake, na afadhali ningeiona.

"Mama, gari halina shida," akasema. "Handbreki ikikataa, naweka konda. Bosi akikataa, niweke nini?"

Mkewe akaniletea chai. Hakuniangalia, lakini aliileta, na ilikuwa na maziwa. Nikainywa. Niliponyanyuka, Baba Lusajo alikuwa ameshaiweka kabari nyuma ya tairi la baiskeli yake, maana uwanja wao una mteremko. Ndizi zimejaa, baiskeli imetulia.

Hayo ndiyo yaliyonipata. Siku nyingine nahisi nimesalitiwa mpaka kifua kinauma, na ni kweli nilisalitiwa. Mtu alitumia lugha ya mama yangu kuniibia akili. Msilichukulie hili kama neno la kabila, kabila halina kosa, kule kwetu wamejaa watu wa kweli. Kosa ni langu niliyedhani salamu ni dhamana. Lakini siku nyingine nikiisikiliza hiyo hasira yangu vizuri, nasikia ndani yake Baba Lusajo akinidai mimi haki hiyo hiyo, na wa kwake ulikuwa usaliti mkubwa kuliko wangu. Hata sijui kama naandika haya kwa ajili yake au ili nipate usingizi. Mungu anajua.

Wenye magari, nawaomba: fundi akikwambia amebadilisha kitu, usiridhike na cha zamani. Simama uone kipya kikiingia. Na usimwachishe kazi mtu mliyetembea naye miaka sita kwa neno ulilonong'onezwa kwa lugha asiyoijua. Kama neno ni la kweli, liseme kwa lugha anayoisikia.

Na ukiulizwa mbele za watu, huku mtu mwingine amesimama anakungoja, usimeze. Mimi nilimeza maneno manne, na bado hayajashuka.

Siku hizi naendesha mwenyewe. Handbreki inashika vizuri. Lakini kila mteremko nateremka, naokota jiwe, nainama kuliweka nyuma ya tairi. Kina mama wa sokoni bado wananicheka. Waache wacheke. Nikishaliweka huwa nataka kusema yale maneno ya Baba Lusajo, "Konda, shuka!" Sijaweza. Naliangalia tu lile jiwe, nanyanyuka, naenda kwenye viazi.